Je, Wajua? Ufunguo Uliokatika Bado Unaweza Kufungua Mlango

Ufunguo ukikukatikia mlangoni, unabaki umeshika kichwa chake na moyo unakutuma uvunje kitasa. Subiri kwanza. Kichwa ni cha kushikia tu. Kinachofungua mlango ni yale meno, na meno yamebaki ndani.

Vitasa vingi vya silinda vinafuata muundo ambao Mmarekani Linus Yale mdogo aliupatia hataza mwaka 1861, akiboresha wazo lililotumika tangu Misri ya kale katika makomeo ya mbao. Ndani ya silinda mna kiini kinachozunguka, na juu yake safu ya pini, aghalabu jozi 5 au 6, kila jozi ikisukumwa chini na springi. Bila ufunguo, pini za juu hukaa nusu ndani ya kiini na nusu nje, kikashindwa kuzunguka. Ufunguo sahihi huinua kila jozi kwa kimo chake, hadi maungio yote yakalingana na ukingo wa kiini. Hapo ndipo kinapozunguka.

Basi ikiwa ufunguo umekatikia mdomoni na meno yote yamezama mahali pake, pini bado zimepangika. Ingiza ncha ya bisibisi bapa kwenye tundu, zungusha taratibu, na mlango unaweza kufunguka.

Kukitoa kipande ni kazi nyingine. Kiini kikiwa kimezunguka, pini hazina tena pa kupanda, kwa hiyo zinabana kwenye mabonde ya ufunguo. Ukivuta hapo, unajichosha. Kirudishe kiini kwanza mahali ambapo ufunguo huingilia. Nyunyiza unga wa risasi ya penseli, ambao una grafiti na hulainisha bila kunata; mafuta ya kupikia hukamata vumbi. Ncha ikichomoza, ivute kwa koleo jembamba. Isipochomoza, pitisha kando yake kipande chembamba cha msumeno, meno yakielekea kwako, kiegemeze kwenye ufunguo, kisha vuta. Usichomeke nusu uliyobaki nayo: itasukuma kipande ndani zaidi. Usijaribu gundi kali pia, kwani ikigusa pini, kitasa chote kinaharibika.

Kwa nini ulikatika? Funguo nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, ambao huchongeka kwa urahisi lakini si mgumu kama chuma cha pua. Kwenye bonde lenye kina kirefu ndiko ufunguo ulipo mwembamba, na nguvu yote ya mkono hukusanyika hapo. Kila unapoulazimisha, au unapofungulia nao chupa ya soda, ufa mdogo usioonekana unasogea mbele, mpaka siku moja sehemu iliyobaki haihimili tena.

Vipande vyote viwili mpelekee fundi wa kuchonga funguo. Akiviunganisha sawasawa, mchoro wa meno haujapotea, naye anaweza kukuchongea mpya. Lakini usiishie hapo. Kagua mlango: bawaba zikilegea, mlango hushuka, ulimi wa kitasa ukakwaruza tundu lake, na mkono ukazoea kulazimisha. Kaza bawaba na ulainishe silinda kabla ya kuutumia ufunguo mpya, la sivyo nao utakatika kama wa kwanza.