Saratani ya tezi dume: ni nini hasa hupunguza hatari?

Saratani ya tezi dume huwapata wanaume wengi nchini Kenya kuliko saratani nyingine yoyote. Kwa hivyo mzee wa Kisian anayeuliza kama kuna dawa au chakula cha kuikinga anauliza swali la maana. Jibu ni kwamba kinga kamili haipo. Hata hivyo, yapo ya kufanya ili kupunguza hatari, na yapo ya kuepuka.

Nani yuko hatarini zaidi?

Tezi dume iko chini ya kibofu na huzunguka mrija wa mkojo. Hatari huongezeka na umri, na wanaume wenye asili ya Kiafrika huathirika zaidi. Ambaye baba au ndugu yake wa kiume aliugua ana hatari ya takriban mara mbili.

Mwenendo wa maisha

Unene uliopita kiasi umehusishwa na saratani kali ya tezi dume, na uvutaji wa sigara umehusishwa na vifo vinavyotokana nayo. Acha tumbaku, punguza vyakula vya kukaanga na vinywaji vya sukari, na fanya kazi au mazoezi yanayokutoa jasho. Omena, samaki, osuga na sukuma wiki ni vyakula bora. Hakuna chakula kimoja kilichothibitishwa kuzuia saratani hii, lakini mlo huo hulinda pia moyo na husaidia kuzuia kisukari.

Je, kuna dawa?

Finasteride hutumiwa kutibu tezi dume iliyokua bila saratani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulihusisha wanaume zaidi ya 18,000, wengi wao wazungu, kwa miaka 7. Kati ya kila wanaume 100 waliochunguzwa, takriban 18 waliotumia dawa hiyo walipatikana na saratani, ikilinganishwa na 24 ambao hawakuitumia. Hata hivyo, ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2013 haukuonyesha kwamba waliotumia dawa waliishi muda mrefu zaidi. Dawa hii pia inaweza kupunguza nguvu za kiume na hamu ya tendo la ndoa. Usiinunue dukani bila ushauri wa daktari.

Jambo moja ni muhimu sana: finasteride hushusha kipimo cha damu cha PSA kwa karibu nusu. Usipomwambia daktari kwamba unaitumia, saratani inaweza kujificha nyuma ya matokeo yanayoonekana mazuri.

Vidonge vya vitamini na miti shamba

Utafiti mwingine mkubwa, wenye wanaume zaidi ya 35,000, ulionyesha mwaka 2011 kwamba vidonge vya vitamini E viliongeza hatari kwa asilimia 17. Madini ya seleniamu hayakusaidia. Gome la Prunus africana, mti unaopatikana katika Msitu wa Kakamega, hutumiwa na wengi kupunguza taabu ya mkojo, lakini halijathibitishwa kuzuia saratani. Ukilitumia, mwambie daktari.

La kufanya sasa

Saratani changa mara nyingi haina maumivu wala dalili, kwa hivyo usingoje kuugua. Ukifikisha miaka 40, hasa ikiwa kuna aliyeugua katika familia, zungumza na mhudumu wa afya katika kituo kilicho karibu kuhusu faida na mapungufu ya kipimo cha PSA. Kiwango cha juu si lazima kiwe saratani. Maambukizi au kukua kwa tezi pia hukipandisha. Ukihitaji uchunguzi zaidi, unaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu.

Usichelewe kwenda hospitalini ukiona damu kwenye mkojo, ukishindwa kukojoa vizuri, au ukiwa na maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoisha. Na kina mama, mkiona mzee anaamka kila mara usiku kwenda haja, mhimizeni aende apimwe.