Neno la Mimbari na Masikio ya Umma: Rangi, Dini na Lugha katika Uchaguzi wa Marekani

Wanaochunguza lugha wamezoea kuuliza neno lina maana gani. Ni mara chache zaidi wanapouliza lilinenwa mbele ya nani. Katika mashindano ya kisiasa ya Marekani swali hili la pili limepata kuwatia mashakani watu wakubwa. Aghalabu si kauli ya mgombea mwenyewe iliyozua mzozo, bali kauli ya mtu wa dini aliye karibu naye. Nayo haikuzua mzozo pale iliponenwa, bali pale ilipochukuliwa ikapelekwa kwa wasikilizaji wengine. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi uhamisho huo unavyoibadili kauli, na hasa kuchunguza maneno machache ya mwaka 2003 yaliyotikisa uchaguzi wa mwaka 2008. Nimeona vema kuyapima kwa mizani ya sarufi yetu, maana mfasiri wa Kiswahili hulazimika kuchagua mahali ambapo Kiingereza hakimdai msemaji uchaguzi wowote.

Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1884 James G. Blaine wa chama cha Republican alishindana na Grover Cleveland wa chama cha Democratic. Tarehe 29 Oktoba, siku chache kabla ya kura, Blaine alikutana na mamia ya wachungaji wa Kiprotestanti katika hoteli moja ya New York. Msemaji wao, Samuel D. Burchard, alitamka kwamba wao hawatakiacha chama chao wakajiunge na chama ambacho asili yake ni pombe, Urumi na uasi. Kwa Urumi alikusudia Ukatoliki; kwa uasi alikusudia vita vya majimbo ya kusini vya mwaka 1861 hadi 1865. Kwa Kiingereza maneno hayo matatu yalianza kwa herufi moja, R, nayo yakashika kinywani kama kibwagizo. (Kiswahili kingempa mhubiri huyo mlingano wa sauti bila jasho: ulevi, Urumi, uasi, yote kwa kiambishi kimoja.) Ukumbini yalikuwa makaribisho ya watu wa imani moja. Yalipochapwa na kutawanywa miongoni mwa Wakatoliki wa asili ya Ireland, yakawa matusi. Blaine, ambaye mama yake mwenyewe alikuwa Mkatoliki, hakuyakana papo hapo. Cleveland alilipata jimbo la New York kwa kura zipatazo 1,100 katika kura zaidi ya milioni moja, na jimbo hilo ndilo lililompa urais. Kwamba maneno matatu peke yake yalileta matokeo hayo, hapana awezaye kuthibitisha. Lakini kwa tofauti ndogo kiasi hicho, hapana awezaye kuyapuuza.

Dini iliendelea kuwa jaribio. Al Smith, Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea urais, alishindwa mwaka 1928 baada ya kampeni iliyojaa maneno makali juu ya Papa. John F. Kennedy alipogombea mwaka 1960 aliamua kwenda mwenyewe mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti mjini Houston, tarehe 12 Septemba. Shina la hoja yake lilikuwa la kisarufi, na Kiswahili hulidhihirisha vizuri: alikataa kuitwa mgombea wa Kikatoliki, akakubali kuitwa mgombea wa chama chake aliye Mkatoliki. Katika usemi wa kwanza kihusishi "wa" humfanya mgombea kuwa mali ya dini. Katika wa pili kirejeshi "aliye" huieleza dini kuwa sifa mojawapo ya mtu. Kennedy alikuwa na bahati moja: alikuwa akijibu fununu juu ya kanisa lake, wala hakuwa na hotuba ya kasisi wake iliyorekodiwa na kurudiwa masikioni mwa taifa zima.

Bahati hiyo Barack Obama hakuwa nayo. Alikuwa muumini wa kanisa la Trinity, upande wa kusini wa Chicago, ambalo Jeremiah Wright alikuwa mchungaji wake tangu mwaka 1972. Wright ndiye aliyemfungisha Obama ndoa mwaka 1992, na jina la kitabu cha Obama cha mwaka 2006 lilitokana na mahubiri yake. Katika ujana wake mchungaji huyu alikuwa askari wa Marekani, na mwaka 1966, akiwa mhudumu wa tiba katika jeshi la majini, alikuwa miongoni mwa waliomhudumia Rais Lyndon Johnson alipofanyiwa upasuaji. Nalitaja hili kwa sababu mwezi wa Machi 2008, televisheni zilipoanza kuonyesha vipande vya mahubiri yake, wengi walimdhania kuwa mtu asiyepata kuitumikia nchi yake.

Kipande kilichochoma zaidi kilitoka katika mahubiri ya tarehe 13 Aprili 2003, majuma machache baada ya vita vya Iraki kuanza. Hoja ya mahubiri ilikuwa kwamba watu wasiichanganye serikali na Mungu: serikali husema uwongo, hubadilika na hushindwa, lakini Mungu si hivyo. Mhubiri alihesabu walioangushwa na serikali yake: wenyeji wa asili waliofungiwa katika maeneo yao, Wamarekani wa asili ya Japani waliowekwa kambini, Waafrika waliotiwa utumwani. Kisha akasema kwamba baada ya hayo yote watu hao wanatakiwa waimbe ule wimbo mashuhuri wa Irving Berlin, uliotolewa mwaka 1938, ambao jina lake kwa lugha yetu ni "Mungu aibariki Amerika". Akakataa, na mahali pa kubariki akaweka kulaani.

Hapa mwanasarufi hana budi kusimama kidogo. Katika jina la wimbo kitenzi cha Kiingereza hakina ile -s ya nafsi ya tatu. Ni umbo la kutakia, si la kuarifu. Mhubiri aliliacha umbo vile vile, akabadili kitenzi tu. Kiswahili kwa kawaida huonyesha hali hiyo kwa kiishio -e, lakini "bariki" na "laani" ni vitenzi vya asili ya Kiarabu visivyobadili irabu ya mwisho. Alama inayobaki ni kukosekana kwa kiambishi cha wakati. Basi kwa umbo tupu tafsiri ni "Mungu ailaani Amerika", yaani dua mbaya. Lakini mhubiri hakukoma hapo. Mara tu alisema kuwa jambo hilo limo katika Biblia. Akataja sababu, nazo ni kuwaua wasio na hatia na kuwatendea raia kama wasio binadamu kamili. Kisha akaweka mpaka wa muda: maadamu nchi hiyo inajifanya kuwa ndiyo Mungu. Neno hilo "maadamu" ndilo linalobeba uzito wote. Anayeomba dua mbaya hutaka shari imfike mwenziwe. Anayetaja laana yenye sababu na mpaka hutangaza hukumu iliyokwisha andikwa, mfano wa sura ya 28 ya Kumbukumbu la Torati, ambamo baraka huwafuata watii na laana huwafuata waasi. Kwa maana hiyo tafsiri ingeweza kuwa "Mungu huilaani", kwa kiambishi cha desturi. Nimepata kuwapa wanafunzi wa tafsiri maneno haya bila kuwaambia yametoka wapi. Waliopewa kipande kifupi waliandika "ailaani". Waliopewa fungu zima walianza kubishana.

Tena iko maana ya tatu. Katika Kiingereza cha kila siku maneno hayo ni tusi ambalo mtu hutamka anapojikwaa au anapokasirika, hata kama hamkumbuki Mungu kabisa. Sisi tunalo neno "maluuni", lenye shina moja na laana, lakini halina umbo la dua. Kwa hiyo Mmarekani aliyekaa sebuleni kwake alisikia vitu vitatu katika pumzi moja: apizo, hukumu na tusi. Waumini wa Trinity walisikia zaidi ile ya pili. Kipande kiliporudiwa kutwa kucha, mara nyingi yalibaki maneno matatu tu, na "maadamu" ilikwisha kukatwa.

Kwa nini waumini walisikia hivyo? Kwa sababu waliijua aina ya usemi. Waprotestanti wa kwanza wa New England walikuwa na desturi ya mahubiri ya kuliombolezea taifa na kulikemea kwa kuvunja agano lake na Mungu, nayo hupewa jina la nabii Yeremia. (Kwamba mchungaji tunayemsema aliitwa Jeremiah ni sadfa ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuitumia.) Weusi waliichukua desturi hiyo wakaigeuza dhidi ya wale waliomiliki watu na huku wakisali. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alifanya hivyo mjini Rochester tarehe 5 Julai 1852, alipoulizwa kusherehekea uhuru wa nchi. Mahubiri ya namna hii yana muziki wake: mhubiri hutupa kauli, waumini huidaka kwa kuitika na kusimama, kama vile hadhira yetu inavyomwitikia fanani wa ngano. Mwitiko huo ni sehemu ya ibada. Mtazamaji wa televisheni aliuona akadhani ni makofi ya mkutano wa siasa.

Na kutojuana huku kuna chanzo cha kihistoria. Richard Allen na wenziwe waliunda kanisa lao la Kimethodisti huko Philadelphia, ambalo mwaka 1816 lilikuwa madhehebu kamili, kwa sababu Weusi walibaguliwa hata walipokuwa wakisali. Martin Luther King alipata kusema kwamba saa ya ibada ya Jumapili ni mojawapo ya saa za utengano mkubwa kabisa katika Amerika. Watu walioishi karne mbili bila kusikia mahubiri ya wenzao hawakuwa na njia ya kujua kanuni zake.

Lakini aina ya usemi haifuniki kila kitu. Katika mahubiri yale yale Wright alidai kwamba serikali ilibuni virusi vya UKIMWI ili kuwaangamiza watu weusi. Si kweli. Ni rahisi kuona dhana hiyo ilistawi wapi, maana kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwaangalia mamia ya wanaume Weusi wa Tuskegee wakiugua kaswende bila kuwapa tiba. Hata hivyo nabii anayekemea uwongo wa wenye mamlaka hapati ruhusa ya kusema usio wa kweli kwa kuwa yuko mimbarini. Wanaomtetea Wright kwa hoja ya fasihi hupita hapa haraka mno.

Obama alijibu kwa hotuba tarehe 18 Machi 2008, huko Philadelphia. Aliyalaumu maneno, akakataa kumkana mtu, akisema hawezi kumkana zaidi ya awezavyo kumkana bibi yake mzungu aliyemlea, ambaye naye alipata kusema mambo ya ubaguzi yaliyomchoma. Mwezi uliofuata Wright alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini Washington, akayarudia na kuyatetea aliyoyasema. Kesho yake, tarehe 29 Aprili, Obama akajitenga naye, na mwishoni mwa Mei akaliacha kanisa. John McCain naye, tarehe 22 Mei, aliukataa uungaji mkono wa mchungaji mzungu John Hagee kwa ajili ya mahubiri ya zamani juu ya Hitler na Wayahudi. Jambo hilo lilisahauliwa mapema zaidi. Ni kweli kwamba Hagee hakuwa mchungaji wa McCain, lakini sidhani kuwa hiyo ndiyo sababu pekee.

La ajabu ni kwamba wakati huo huo mtu aliyelaumiwa kwa ajili ya mchungaji wake alisingiziwa kuwa Mwislamu. Mwezi wa Machi 2008 kituo cha utafiti cha Pew kilikuta kwamba mtu mmoja katika kila kumi aliamini hivyo. Ushahidi wao ulikuwa jina. Sisi hatuoni fumbo hapo: Barack ni la shina lile lile la baraka yetu, Hussein, lililotoka kwa babu yake Mjaluo aliyesilimu, hutamkwa kila siku toka Lamu hadi Kilwa, Obama ni la Kijaluo. Lakini mwezi wa Februari mtangazaji mmoja alilitamka jina la kati mara kadhaa katika mkutano wa McCain mjini Cincinnati, na McCain akaomba radhi siku ile ile. Jina halali la mtu, likitamkwa kwa ukamilifu wake, lilikuwa limegeuka shambulio.

Tarehe 10 Oktoba, huko Minnesota, mwanamke mmoja alimwambia McCain kwamba hamwamini Obama kwa kuwa ni Mwarabu. McCain alimnyang'anya kipaza sauti, akamjibu kwamba sivyo, kwamba huyo ni mtu mwema mwenye familia, raia anayehitilafiana naye katika mambo ya msingi. Alifanya jambo la heshima, na wafuasi wake wengine walimzomea kwa ajili yake. Lakini tulifasiri jibu: "Sivyo, bibi, ni mtu mwema." Katika Kiswahili, kama katika Kiingereza, "sivyo" hukana lililotangulia na "mtu mwema" huchukua nafasi yake, kana kwamba Mwarabu na mtu mwema ni vitu viwili vinavyofukuzana. Msikilizaji wa Mombasa au Maskati hangeweza kulipokea jibu hilo bila kuguswa.

Siku tisa baadaye Colin Powell, jenerali na waziri wa zamani wa chama cha McCain, alitangaza katika televisheni kwamba atampigia Obama kura. Alisema kwamba jibu sahihi ni kuwa Obama ni Mkristo, tangu zamani. Kisha akauliza, na kama angekuwa Mwislamu, je, kuna kosa gani? Akaeleza habari ya picha aliyoiona, ya mama aliyekumbatia jiwe la kaburi la mwanawe, askari aliyeuawa Iraki, na juu ya jiwe hilo hapakuchongwa msalaba wala nyota ya Daudi, bali mwezi na nyota.