Ruzuku ya Kilimo: Ni Nani Aipokeaye?

Katika nyumba nyingi za kambi zetu mshahara wa baba huingia mwisho wa mwezi, na mboga ya kila siku hutoka katika kishamba cha mama. Hivyo habari ya ruzuku ya kilimo, yaani fedha au pembejeo ambazo serikali humpa mkulima ili gharama zimpungukie, si ya wanavijiji peke yao. Kujua kiasi kilichotolewa ni rahisi. Kujua kimemfikia nani ndiyo kazi.

Hapa Uganda, mwaka 2013 ilianzishwa Operesheni ya Kuunda Utajiri, na ugawaji wa pembejeo ukatiwa mikononi mwa askari wa UPDF chini ya Jenerali Salim Saleh. Miche ya kahawa, maembe na machungwa, pamoja na mbegu za mahindi na maharage, ilipakiwa malorini ikapelekwa wilayani, mkulima asilipe kitu. Bila shaka wapo wasomaji wetu walioishusha kwa mikono yao.

Je, ilimfaa nani? Mche huwa wa bure, lakini kuukuza si bure. Robusta hutaka shimo la futi 2 lililochimbwa mapema, samadi na kivuli. Ekari moja huchukua miche ipatayo 450, na mwenye shamba hungoja miaka 2 au 3 kabla ya kuchuma. Mwenye ekari tano na vibarua aliweza kupokea miche elfu mbili. Mjane mwenye robo ekari ya muhogo angeing'oa mihogo hiyo, watoto wangekula nini? Na pale miche ilipofika mvua imekwisha, jambo lililolalamikiwa mara nyingi, ilikauka kwa tajiri na kwa maskini sawasawa. Hata hivyo kazi ile haifai kubezwa. Kahawa iliyouzwa nje ilikuwa kiasi cha magunia milioni 3.5 ya kilo 60 mwaka 2013/14, ikapita milioni 6 mwaka 2020/21. Faida ilikuwako, ila iliwaelekea zaidi wenye ardhi.

Februari 2022 ukazinduliwa Mpango wa Maendeleo ya Parishi. Safari hii mkulima hapewi mche, hupewa fedha achague mwenyewe. Kila parishi ilipangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka kupitia chama chake cha akiba na mikopo, na kila kaya ikopeshwe hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, pamoja na muhula wa miaka 2 kabla ya kudaiwa. Ni mkopo, naam. Lakini riba ndogo namna hiyo ni ruzuku iliyovaa kanzu ya mkopo.

Tupige hesabu. Milioni 100 ni watu 100 kwa mwaka: wanawake 30, vijana 30, wanaume 20, wenye ulemavu 10 na wazee 10. Ikiwa parishi ina kaya 800, kaya 700 zitangoja. Penye foleni ndefu hivyo ndipo rushwa huingilia, na wapo maofisa waliokwisha kamatwa kwa kudai chochote kabla ya jina kupita.

Sasa, je, nyumba ya askari imo? Mpango ulilenga kaya zinazolima kwa ajili ya tumbo tu, ambazo wakati ule zilihesabiwa kuwa 39 katika kila 100. Mwenye mshahara ana mlango wake: wanajeshi wana Wazalendo, polisi wana Exodus. Kwa maoni yangu, ofisa anayejipenyeza katika orodha ya parishi humnyang'anya jirani yake mbuzi. Lakini mama yako mzazi aliyeko kijijini, mwenye zaidi ya miaka 60 na jembe moja, ana haki ya kuomba mojawapo ya zile nafasi 10. Ajiunge na kikundi cha wazalishaji cha parishi yake, achukue kitambulisho chake cha taifa, na asitoe hata shilingi moja ya “karatasi”.