Kongosho Linapovimba Ghafla (2): Chanzo Kitafutwe Vipi?

Sehemu ya kwanza ilieleza kazi ya kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Hans Chiari, aliyekuwa mtaalamu wa magonjwa mjini Prague, alieleza mwaka 1896 kwamba kongosho likiugua hujimeng'enya lenyewe kwa majimaji yake. Leo tutafute kinacholichokoza, maana asiyejua chanzo atarudi wodini.

Hapa Balangdalalu, maumivu ya chembe ya moyo karibu yote huitwa vidonda vya tumbo, na mgonjwa hukimbilia duka la dawa muhimu. Maumivu ya kongosho ni makali, hupenya hadi mgongoni, huandamana na kutapika, na wengi hupata nafuu kidogo wakiinama mbele. Vigezo vya Atlanta vya kutambua ugonjwa huu, vilivyorekebishwa 2012, vinataka mawili kati ya matatu: maumivu ya aina hiyo, kimeng'enya cha lipasi au amilasi katika damu kufikia walau mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, au picha inayoonyesha kongosho limevimba. Zahanati haiwezi kuyapima hayo, kwa hiyo mgonjwa apewe rufaa mapema kwenda hospitali, Katesh au Haydom.

Duniani, vijiwe vya nyongo na pombe ndivyo vinavyoongoza. Mwaka 1901 Eugene Opie, huko Baltimore, alionyesha jinsi kijiwe kinavyokwama kwenye mlango ambao nyongo na majimaji ya kongosho hupitia pamoja. Ndiyo maana kila mgonjwa apigwe ultrasaundi, hata anayekunywa. Inaniuma kuona kwamba mzee akinukia pombe, maswali yanakoma hapo hapo. Pombe, iwe ya asali au gongo, kwa kawaida hulidhuru kongosho baada ya miaka mingi ya kunywa sana. Mtu aliyekunywa mara moja arusini atafutiwe sababu nyingine. Na mama asiyeonja pombe asiambiwe hawezi kuwa na ugonjwa huu.

Mafuta ya damu yakizidi sana nayo husababisha ugonjwa huu. Sampuli ikitulia kwenye kichupa, maji ya juu huwa meupe kama maziwa, na mtu wa maabara anapaswa kumwambia daktari mara moja. Zipo pia kalsiamu iliyozidi, minyoo mikubwa inayopenya kwenye mirija ya nyongo, na pigo la tumbo, mfano usukani wa bodaboda.

Sasa dawa. Katika makadirio mengi husababisha ugonjwa huu kwa wagonjwa wasiofika 5 kati ya 100, lakini husahaulika kwa sababu hakuna aliyeuliza. Azathioprini, inayotuliza kinga ya mwili, mara nyingi huleta shida ndani ya mwezi wa kwanza. Didanosini na stavudini, dawa za zamani za VVU, zilijulikana kwa madhara haya. Sodiamu valproeti ya kifafa inaweza kuchokoza hata baada ya miaka. Hilo linatuhusu: ukanda wa Haydom umechunguzwa sana kuhusu kifafa, na minyoo tegu ya nguruwe ni miongoni mwa vyanzo vyake hapa. Zimetajwa pia furosemidi, tetrasaiklini na septrini.

Ndugu anayemsindikiza mgonjwa abebe dawa zote: za kliniki, za dukani, na za miti shamba. Zimwagwe mezani, kila moja iulizwe ilianza lini. Dawa hushukiwa ikiwa ilianza kabla ya maumivu, ikiwa vijiwe, pombe na mengine yamepimwa yakakosekana, na ikiwa mgonjwa alipata nafuu ilipoachwa. Kumrudishia dawa hiyo ili kuona kama ataugua tena kungeleta uthibitisho mkubwa, lakini ni hatari. Wala mwenye kifafa asiache vidonge peke yake. Degedege lisilokoma linaua. Daktari ndiye aibadilishe dawa, kisha ajaze fomu ya njano ya madhara ya dawa ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), ili taarifa ya kijijini kwetu iunganishwe na za wengine.

Kama bado chanzo hakijaonekana, ultrasaundi irudiwe mgonjwa akishapona. Tumbo likijaa gesi wakati wa ugonjwa, vijiwe vidogo na tope la nyongo hujificha. Vikionekana safari hii, apelekwe kwa daktari wa upasuaji aondolewe kifuko cha nyongo kabla kijiwe kingine hakijateremka.