Nani analinda mtoto wakati wa palizi?



Maharagi inaomba palizi ya kwanza juma mbili ao tatu nyuma ya kuota. Mama mwenye mtoto mdogo anachelewa, ao anaacha dada wa mtoto nyumbani, na huyo dada njo anakosa masomo. Wengine wanalaza mtoto kando ya shamba hata siku ya kupuliza dawa. Hiyo, hapana kabisa!

Katiba ya 2006, kipengele 204, inaweka masomo ya materneli mikononi mwa jimbo. Lakini masomo ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule la msingi. Materneli, mzazi analipa. Kule Nairobi, kaunti ilitoa sheria ya vituo vya kulea watoto katika 2017: kituo kiandikishwe, kikaguliwe.

Hapa Kayna, koperative ianze na nyumba moja karibu na mashamba: wamama wawili kwa zamu, maji safi, uji. Zamu ihesabiwe kama salongo, na wababa pia walete kuni (nawasikia mnacheka). Halafu komite iandikie cheferi mbele ya budje kupitishwa, kuomba mlezi mmoja alipwe. Muonyeshe katika barua hesabu ya siku za palizi zilizopotea.