Kabla ya Kurekebisha Kabureta ya Mashine ya Kufyekea Nyasi

Mashine ya petroli ya kufyekea nyasi inapopungua nguvu au kuzimika kila mara, wamiliki wengi huchukua bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta. Tunakushauri usianze hapo.

Kabureta huchanganya petroli na hewa. Katika mashine nyingi za aina hii, oili inayolainisha pistoni huchanganywa ndani ya petroli yenyewe. Kwa hiyo, anayepunguza petroli ili injini ivume zaidi hupunguza na oili pia. Injini huonekana imepata nguvu mpya, kumbe inachemka kupita kiasi, na pistoni yaweza kukwama ndani ya silinda. Gharama ya kuitengeneza yaweza kukaribia bei ya mashine mpya.

Kwanza zima injini, iache ipoe, uchomoe waya wa plagi. Kisha kagua mambo matatu:

1. Chujio la hewa. Likijaa vumbi, lisafishe au libadilishe.

2. Mafuta. Usitumie petroli iliyokaa zaidi ya mwezi mmoja. Fuata uwiano ulioandikwa katika kitabu cha maelekezo. Uwiano wa 50 kwa 1, kwa mfano, ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli.

3. Plagi. Rangi ya kahawia huashiria mchanganyiko mzuri. Masizi meusi, petroli au oili iliyozidi. Weupe, petroli iliyopungua.

Tatizo likiendelea, tazama kabureta. Nyingi zina skrubu tatu. Ile yenye alama ya T au LA huongoza kasi ya injini wakati kibonyezo cha mwendo hakijaminywa. L huongoza petroli ya mwendo wa chini, na H petroli ya mwendo wa juu. Kuzungusha L au H kuelekea kulia hupunguza petroli, kushoto huiongeza.

Skrubu ya T unaweza kuirekebisha mwenyewe. Rudisha waya wa plagi, washa mashine mahali pa wazi, mbali na watu, uiache ipate moto kwa dakika chache. Kisu kikizunguka bila kibonyezo kuminywa, zungusha skrubu kushoto kidogo kidogo hadi kisu kisimame. Kisiposimama, usiitumie mashine hiyo. Ipeleke kwa fundi. Injini ikizimika, zungusha kulia kidogo, mradi kisu kisianze kuzunguka.

Skrubu ya H mwachie fundi mwenye kifaa cha kupima mizunguko ya injini, kwa maana sikio pekee halitoshi. Vifuniko vya plastiki vilivyowekwa na kiwanda juu ya skrubu usiving'oe; kufanya hivyo kwaweza kukupotezea dhamana.

Wanaohamisha mashine nao wawe waangalifu. Jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Mashine iliyorekebishwa Nairobi ikishushwa pwani hupata hewa nzito zaidi kwa petroli ileile, na hivyo huweza kuungua. Mweleze fundi mashine itatumika wapi, na umwombe aandike kwenye risiti marekebisho aliyoyafanya. Kukizuka mzozo baadaye, risiti hiyo itakuwa ushahidi wako.