Marekani: Duka Mbele, Utumwa Nyuma

Ndugu wafanyakazi, katika miji mingi ya Marekani yapo maduka ya kukanda mwili. Mengi ni ya halali. Lakini katika mengine wanawake, wengi wao wahamiaji kutoka Asia, hulazimishwa ukahaba nyuma ya pazia. Hudaiwa deni la safari lisilokwisha, hunyang'anywa pasi, hulala humo humo dukani.

Mara nyingi polisi wamewakamata wanawake hao, huku tajiri akifungua duka jingine kwa jina jipya. Ndiyo maana mabunge ya majimbo yameanza kuibana biashara yenyewe. Sheria ya California ya mwaka 2012 iliyalazimisha maduka hayo, pamoja na mawakala wa vibarua wa mashambani, kubandika tangazo lenye namba ya simu ya msaada. Florida, mwaka 2013, ilizuia maduka mengi ya aina hii kufanya kazi kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri. Texas, mwaka 2023, iliipa idara ya leseni uwezo wa kulifunga duka linaloshukiwa kwa muda wa hadi miezi 6.

Sisi twasema kufuli peke yake haimkomboi mtu. Mwanamke anayetolewa bila ujira, bila pasi, akihofia kurudishwa kwao, atanaswa tena. Sheria imshike tajiri, imlinde mfanyakazi.

Tanzania ilitunga sheria dhidi ya biashara ya watu mwaka 2008, Kenya mwaka 2010. Ukiahidiwa kazi ng'ambo, dai mkataba kwanza, na pasi yako ishike mwenyewe.